Fahali Aliyeliwa kwa Wimbo

Songwa, Shinyanga
19 Novemba 1953

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza,

Shikamoo. Naandika kulipongeza Baraza kwa kuukubali wimbo kuwa ushahidi. Fahali wa Mzee Makoye alipotea. Hapakuonekana ngozi, nyayo wala shahidi. Lakini Maduhu, manju wetu anayeongoza nyimbo, aliimba kwenye mashindano ya ngoma: "Fahali wa Makoye yumo tumboni mwangu, analia mpaka leo!" Jumamosi mtamhukumu, na inasemekana atafungwa miaka miwili. Mkewe, Paskalia, amenijia akilia: "Mwalimu, mume wangu hula nyama Noeli tu. Fahali mzima angemweka wapi?" Nilimweleza kwamba mahali pametajwa ndani ya wimbo.

Ninalolalamikia ni kwamba Baraza limeiacha kazi hii njiani.

1. Katika wimbo huohuo Maduhu alikiri kulinywa lambo la Songwa lote kwa mkupuo mmoja. Hakushtakiwa. Kina mama bado wanateka maji pale, jambo linaloharibu ushahidi.

2. Mshindani wake, Jilala, alijibu kwa wimbo, mbele ya umati, kwamba amekwisha kumwua Maduhu na kumzika. Muuaji huyu anatembea huru, na marehemu yumo mahabusu akila ugali wa Serikali kila siku. Nashauri marehemu aitwe kutoa ushahidi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa karibu zaidi na tukio.

3. Bibi Generosa humbembeleza mjukuu wake kwa kumwimbia kwamba asiponyamaza atampa fisi. Nilipomhoji alinijibu, "We Mwalimu, siku hizi pombe unaanza asubuhi?" Baraza litatambua kwamba hakukana. Fisi naye hajakamatwa.

Kwa hiyo naomba wote waimbao wakamatwe kabla ya Jumamosi. Mahabusu haitatosha, itakuwa rahisi zaidi kuwafungia ndani wale wachache wasioimba.

Wasalimie wazee wa Baraza, karani, na askari wa mlangoni, ambaye nasikia hupiga mluzi. Mluzi wenyewe sijauchunguza.

Ni mimi, nisiye na shaka na hukumu yenu,
Mwl. Onesmo Mabula

Baada ya sahihi: Jumatatu ni zamu ya shamba langu la pamba kulimwa na vijana wa ngoma. Wamekataa kuinua jembe bila Maduhu kuwaongoza. Nilijaribu kuwaimbia mwenyewe, wakasema, "Mwalimu, huo ni wimbo au hesabu?" Hivyo naliomba Baraza litambue kwamba wimbo ni wimbo tu, na limwachie Jumamosi hii. Na akiimba kwamba shamba langu ni lake, tafadhali msimsadiki.