Grisi Kidogo Haidhuru

Jumapili, 3 Agosti

Nimepanda mlima wa ukumbini kujaribu njia ya harusi. Aibu tupu! Nimekanyaga mafuta, injini ikanguruma kana kwamba tunakwenda mbio, gari likatambaa. Mwendesha baiskeli akanipita. Akanipungia mkono! Halafu ikaja harufu, kama mtu anapiga pasi kandambili.

Binti yetu anaolewa Jumamosi. Amesema hataki gari la mtu yeyote. Baba yake ndiye atakayempeleka, tena kwa gari hili hili alilokuwa akilalia kiti cha nyuma tangu mdogo. Aliposema hivyo nilitoka nje, nikajifanya natazama mawingu.

Sasa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Mjomba, amepata habari za mlimani. Sijui nani kamwambia. Mjomba ana gari jipya jeupe, otomatiki. Anasema gari lake halina hata pedali ya klachi. Basi hilo si gari, ni friji! Ameshanunua utepe wa kulipamba. Nimemuuliza kaagizwa na nani. Kasema ni wa tahadhari tu.

Tahadhari! Tutaonana.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimewatangazia nyumbani kwamba ni petroli chafu. Mke wangu kauliza petroli chafu inanukaje kandambili. Nimemjibu kwamba huo ndio uchafu wenyewe. Kaendelea kukunja nguo.

Nikaenda gereji kwa siri. Fundi kavuta handibreki, katia gia ya nne, kakanyaga mafuta kidogo, kisha kaachia klachi taratibu. Alikuwa amesema kama klachi ni nzima, injini itazimika palepale. Haikuzimika! Ikanguruma tu, gari limesimama. Nikapiga makofi. Injini ngumu hiyo!

Fundi kazima injini. Kasema hiyo si sifa. Klachi ndiyo inayoshika nguvu ya injini na kuipeleka kwenye magurudumu, na yangu haishiki tena, inateleza. Pleti yake, ile sahani ya kushikia, imelika.

Kisha kaomba nimzungushe mtaani, aone ninavyoendesha. Tuliporudi kasema mguu wangu wa kushoto haubanduki kwenye pedali, nao ndio unaoila klachi. Nimemweleza kwamba huo ni utayari. Dereva makini huwa tayari muda wote. Fundi kasema mguu ukae sakafuni. Kila mtu na mtindo wake.

Jumatano, 6 Agosti

Giaboksi imeshushwa ili klachi ifikiwe. Nimekaa hapo hapo juu ya tairi kusimamia. Fundi amenishauri mara kadhaa niende nyumbani nikapumzike. Mtu mwema, ananijali.

Pleti ya zamani imebaki nyembamba, imeungua, misumari yake ya ribiti imetokeza. Pleti mpya imekuja nzuri, ila kavu! Kavu kabisa, kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Nikamwangalia Fundi. Hana habari. Kaiweka juu ya meza, kaenda kunywa chai.

Mimi najua vyuma. Bawaba za mlango zililia, nikazitia grisi, zikanyamaza. Cherehani ya mke wangu, hivyo hivyo. Toroli, hivyo hivyo. Kila kinachozunguka kinataka grisi. Na kopo langu la grisi halikosekani kwenye buti ya gari.

Nimeipaka pleti pande zote mbili, kwa kidole, kwa upendo. Kisha nikaifuta juu juu ili Fundi asigundue. Sikutaka ajisikie vibaya kwa kusahau jambo dogo kama hilo. Karudi, kaifunga huku kabana simu begani akibishana na mteja mwingine. Sikusema kitu. Grisi kidogo haidhuru, na wema hautangazwi.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya kumfunga Mjomba mdomo. Nimempitia kwake, nikamwambia panda, twende mlimani ukaone gari. Kapanda na suruali yake nyeupe.

Lo! Tumefika katikati ya mlima, injini ikapiga kelele za kutosha magari matatu, na gari likasimama. Halafu likaanza kurudi nyuma! Nimevuta handibreki kwa mikono miwili. Mjomba kashuka kusukuma. Moshi wote ukaishia kwenye ile suruali. Katoa simu, kampigia mke wake, kamuuliza utepe uko wapi.

Nimempigia Fundi nikamwambia kaniuzia pleti ya bandia. Nimesema kwa ukali. Kasema lirudishwe kesho asubuhi.

Jioni binti kaja kukaa nami barazani. Kauliza kwa sauti ndogo kama gari litapona. Nimesema litapona. Kasema lisipopona, basi tutapanda mlima kwa miguu, mimi na yeye, na viatu vyake vya harusi atavibeba mkononi. Kwa Mjomba hapandi.

Nimeumia, jamani. Mtoto anaomba kitu kimoja tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Giaboksi chini tena. Fundi katoa pleti, kainusa, kapitisha kidole, kanionyesha. Kauliza nani kaipaka grisi. Nimesema huenda ni huko kiwandani. Kanishika mkono kama daktari, kautazama ukucha wa kidole changu cha shahada, ambao kwa bahati mbaya bado ulikuwa mweusi.

Kasema klachi hushika kwa sababu ni kavu. Msuguano ndio kazi yake. Ukiipaka grisi umeiua. Kasema mengine pia, kwa heshima zote, akiniita mzee wangu, lakini masikio yaliniwaka. Nikaenda kutafuta pleti nyingine. Niliporudi kaniomba nisubiri ng'ambo ya barabara, na nikiwa na la kusema nimpungie mkono. Kopo langu la grisi kalifungia kabatini.

Kufika alasiri gari lilikuwa tayari. Kalijaribu kwa gia ya nne na handibreki: likazimika puu! Nimepiga makofi ng'ambo.

Somo limeingia. Klachi haipakwi grisi. Klachi!

Jumamosi, 9 Agosti

Tumempeleka! Binti kakataa kiti cha nyuma, kakaa mbele pamoja nami, shela imejaa hadi kwenye usukani. Gari limepanda mlima kama limeitwa. Tumempita yule mwendesha baiskeli. Nimempungia mkono!

Njiani binti kanikumbusha, taratibu: baba, mguu. Nikaushusha kwa adabu. Alipogeuka dirishani nikaurudisha. Mlima ule unataka utayari.

Mlangoni, kabla hajashuka, kanishika mkono, kasema hakuna gari jingine alilolitaka. Nimelia wazi, mbele ya watu wote, mbele ya Mjomba na utepe wake. Acha waone.

Dosari moja tu. Niliposimama, breki zililia kiiii, wageni wote wakageuka. Fundi, ambaye nilimwalika, kasema ni vumbi, litatoka lenyewe, nisiguse kitu chochote.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumba kimya. Binti kapiga simu, wamefika salama, kauliza hali ya gari kabla ya hali yangu.

Mjomba amekubali kushindwa. Kasema mwenyewe kwamba gari limepanda vizuri, na ameomba kesho tuteremshe pamoja viti vya kuazima kutoka ukumbini, mteremko wote ule, kwa gari langu, maana gari lake jeupe litachafuka. Nimefurahi sana. Nimeamua gari limfikie likiwa safi, bila kelele.

Nimefungua tairi la mbele kuzitazama zile breki. Maskini, kavu kabisa! Ndiyo maana zinalia. Fundi kasema vumbi, lakini Fundi hata ile klachi hakuniambia chochote mpaka nilipokwisha kuipaka.

Nimekumbuka kuna kopo jingine stoo.