Maiti Aliyeimba Mnazi Mmoja

Jumatatu, 9 Juni
Nimetoka kibanda cha video Buguruni nikiwa mtu mwingine. Filamu ya muziki: wapishi wa hospitali wanaanzisha bendi, mji mzima unacheza. Nimelia! Nikairudia, nikalia mapema zaidi. Sasa situlii. Leo dukani Kariakoo nimekata kitenge cha mteja huku nikiimba. Kimepinda. Liwalo na liwe! Jumapili kikundi chetu cha maigizo kinachagua mwongozaji. Lazima niwe mimi. Tukimwachia mwenzetu Anuari, anayeutaka pia, tutaigiza usafi wa mazingira mpaka tuzeeke.

Jumanne, 10 Juni
Nimeandika igizo fupi la kuonyesha uwanjani Jumamosi, kabla ya kura. Msiba, vilio, halafu gitaa, na marehemu anaamka akiimba! Katika igizo Shadya ni mjane. Eliasi ni maiti. Amekubali haraka, maana ni mvivu. Anuari anataka kwanza tuwatangazie watu kwamba ni mchezo. Nimemwambia hajui sanaa. Akasema najifanya mjuaji. Roho imeniuma kutwa.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekificha kipaza sauti cha Anuari chini ya majora ya vitambaa dukani, asiwatangazie watu. Uhalisia kwanza!

Jumamosi, 14 Juni
Mnazi Mmoja. Shadya alilia kidogo tu, wapita njia wakavua viatu, wakakaa mkekani. Watazamaji! Nikafurahi. Kumbe wamekuja kuhani msiba. Mama lishe mmoja kaacha masufuria yake, kaja kumkumbatia mjane. Mzee mmoja akanipa pole, akauliza tunazika saa ngapi. Nikamwambia asubiri wimbo. Wengine wakabishana kama marehemu asomewe dua au aimbiwe pambio. Anuari anahangaika kutafuta kipaza chake. Nikapiga gitaa. Eliasi akaketi na shuka lake, akaanza kuimba. Sijawahi kuona uwanja ukiwa mtupu hivyo! Alibaki mama lishe, na mwiko. Kanichapa mimi, maiti kamwacha.

Jumapili, 15 Juni
Kura zote, ila yangu, kwa Anuari. Hata ya Eliasi! Nimeumia, sifichi. Shadya kaniambia taratibu kwamba watu hawapendi kutaniwa kwa kifo. Nimetafakari sana. Kweli kabisa, kosa lilikuwa kifo. Kwa hiyo sasa ni harusi! Bwana harusi mimi, bibi harusi Shadya, matarumbeta mpaka mlangoni kwa mumewe, Hashil, muuza tende mwenye wivu anayejulikana mtaa mzima. Hashil haambiwi kitu. Hata Shadya sitamwambia. Nitamwomba tu siku hiyo avae vizuri.