Katibu Asiye na Blackberry

Jumanne, 1 Julai 2008

Uchaguzi wa Umoja wetu ni Jumamosi ya tarehe 12. Miaka sita nimekuwa katibu wa Waswahili wote wa Sydney, na hakuna aliyewahi kukitamani cheo changu. Sasa yupo. Kinuthia! Mhandisi wa barabara, mpole, meno yake yote mazuri. Kazini kwake wamempa simu ya Blackberry. Barua pepe zinamfikia mfukoni popote alipo, naye hujibu hapo hapo kwa vidole gumba viwili.

Jana mwenyekiti wetu, Bi Rispah, aliuliza kama ukumbi wa Granville umepatikana. Kinuthia akajibu baada ya dakika mbili, akiwa ndani ya basi. Mimi nilijibu baada ya kutoka kazini Ingleburn, kupanda treni, kula, na kumsubiri binti yangu Afnan aondoke kwenye kompyuta. Saa nane nzima! Bi Rispah akaandika kwamba ahsante, Hemed, tulishamaliza.

Lakini gazeti linasema tarehe 11 simu mpya inaingia madukani. Haina vibonye, ni kioo kitupu. Wanasema hiyo ndiyo itakayoizika Blackberry. Siku moja kabla ya uchaguzi! Nimelikata tangazo nikalibandika kwenye friji. Mke wangu Mwanasha akauliza kama ni mkutano wa shule. Nikamwambia ni mambo ya uongozi.

Alhamisi, 3 Julai

Siku nane za kusubiri ni nyingi. Nimepata njia. Barua zote za Kinuthia huishia na mstari mmoja: Imetumwa kwa Blackberry. Nimekaa kompyutani, nikauandika mstari huo chini ya barua yangu kwa vidole vyangu mwenyewe. Nani atajua?

Jioni Lazare, Mkongomani wetu dereva wa lori, akanipigia kunipongeza. Akasema sasa sekretere amekuwa mutu mukubwa. Sikukanusha.

Tatizo moja. Mchana niko kazini ghalani, na mwenye Blackberry hajibu jioni. Mwanasha zamu yake ya kutunza wazee huanza saa kumi na moja jioni, kwa hiyo mchana yuko nyumbani. Nikamwomba ajibu kila barua kwa jina langu ndani ya dakika tano. Maneno machache tu: Nimeiona, naishughulikia.

Akauliza, "Baba Afnan, si ununue tu hiyo Blackberry?"

Nikamweleza kwamba anunuaye sasa ni mjinga, mpya inakuja wiki ijayo. Amekubali, kwa sharti nioshe vyombo mpaka uchaguzi. Viongozi wakubwa wote waliteseka kwanza.

Jumamosi, 5 Julai

Mkutano wa kamati. Nokia yangu nimeizima na kuifungia kabatini, isije ikalia mbele za watu na kuniumbua. Itakaa huko mpaka uchaguzi. Kiunoni nikavaa kifuko cha ngozi. Ndani, kalkuleta ya Afnan.

Kila baada ya muda niliitoa chini ya meza, nikabonyeza, nikakunja uso. Nyumbani Mwanasha alikuwa anatuma. Blackberry ya Kinuthia ikatetemeka. Akasoma, akasema, "Eh, mzee Hemed, uko fasta!" Bi Rispah akanitazama kwa heshima ambayo sijaiona tangu mwaka 2004.

Ikatetemeka tena. Kinuthia akasoma, akakohoa, akaiweka mfukoni. Bi Rispah akauliza kuna nini. Akajibu ni mambo ya ofisini.

Nimefika nyumbani ndipo Mwanasha akanieleza. Barua ya pili alikusudia iwe yangu mimi, akasahau kwamba nimebeba kalkuleta, na kwa haraka akabonyeza jina la Kinuthia. Ilisema: Ukirudi pitia maziwa, na umpigie mama yako.

Sidhani kama Kinuthia ameelewa.

Jumatano, 9 Julai

Siku mbaya. 

Mama yake Lazare, Mama Chibalonza, alikuwa awasili kesho kutoka Bukavu. Ndege ya kwanza maishani mwake, na Kiingereza hajui hata neno. Asubuhi, akiwa njiani, akahamishiwa ndege nyingine: anatua leo saa nane mchana! Lazare yuko na lori Dubbo, mbali mno. Akaandikia kamati nzima, akiomba mtu yeyote ampokee.

Mwanasha akajibu ndani ya dakika tatu. Nimeiona, naishughulikia. Kwa jina langu! Alipotuma ndipo akaisoma vizuri, akapiga yowe. Akanipigia. Nokia iko kabatini, imezimwa. Akapiga simu ofisi ya ghala mara tatu. Meneja akaandika ujumbe kwenye karatasi, akaweka karatasi mezani, akaenda kula. Nimeipata saa kumi, natoka.

Nilikimbia mpaka stesheni na viatu vya kazini. Ndani ya treni nilisimama mlangoni njia nzima, kana kwamba nikikaa itakwenda polepole. Nilimfikiria yule mama na baridi hii ya Julai, anatazama milango inafunguka na kufungwa. Nilitaka kulia. Labda nililia kidogo.

Nilimkuta uwanja wa ndege. Amekaa juu ya begi lake, amevalishwa koti kubwa la kiume, ana kikombe cha chai mkononi. Pembeni yake, Kinuthia, na shati lake jembamba, anatetemeka.

Mama Chibalonza akanipima kuanzia viatu. "Ni wewe Hemed? Lazare aliniambia ku simu Hemed atakuya. Niliangalia watu bote banapita, Hemed hapana."

Kinuthia akanivuta kando. Akasema aliingiwa na wasiwasi tu, akatoka kazini, akafika saa tisa. Mama alikuwa peke yake saa nzima, na akakataa kuondoka mpaka nifike mimi.

"Nilijua uko job, mzee," akasema. "Tuwaambie watu tumekuja pamoja. Iishie hapo."

Nilishindwa kumtazama usoni. Mtu mwema sana, Kinuthia. Kisha nikiwa naosha vyombo nikajiuliza: anataka nini?

Ijumaa, 11 Julai

Siku ya simu! Nilichukua likizo. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa foleni mjini, mtu wa arobaini na moja. Saa tano nikafika kaunta. Nikaishika. Nyepesi, inang'aa, picha zinateleza kwa kidole. Akilini nilimwona Bi Rispah akipiga makofi.

Binti wa kaunta akaomba uthibitisho wa anwani: bili ya umeme, gesi, au mkataba wa nyumba. Vyote vina jina la Mwanasha. Akauliza nina nini chenye jina langu. Nikampa kadi ya maktaba. Akaiangalia kwa huruma, akanirudishia. Akamwita mtu wa arobaini na mbili.

Jumamosi, 12 Julai

Ukumbi ulijaa. Mwanasha alileta sambusa. Bi Rispah akaomba majina ya ukatibu, na Kinuthia akasimama. Nikafumba macho. Akanipendekeza mimi! Akasema yeye hana nafasi, na kwamba Jumatano mimi na yeye tulikwenda pamoja kumpokea Mama Chibalonza.

Mama Chibalonza akainuka mstari wa mbele. "Hapana. Huyu wa koti alifika mbele. Ule alifika nyuma, anapumua kama mbuzi."

Watu wakacheka. Lazare hakucheka. Nilimwona usoni, nikashindwa kuvumilia. Nikasimama, nikatoa kalkuleta kiunoni, nikaiweka mezani mbele ya wote. Nikasema kila kitu. Nikamwomba Lazare na mama yake msamaha. Kisha Mama Chibalonza akanipungia mkono nikae, akasema angalau nilikimbia.

Bi Rispah akauliza swali moja: wiki hii nzima, ni nani hasa aliyekuwa akijibu barua zetu ndani ya dakika tano?

Watu wote wakageuka kwenye meza ya sambusa.

Hawakuhesabu hata kura. Mwanasha akafuta mikono, akasema, "Nakubali. Lakini kuanzia leo barua zitasomwa kwanza, ndipo zijibiwe." Makofi! Nami nilipiga, mikono ikaniuma. Njiani kurudi alinishika mkono, jambo ambalo hatufanyi sana barabarani. Nilijisikia vizuri kuliko miaka yote sita.

Jumatatu, 14 Julai

Nimesoma gazeti kwenye treni. Kuna kampuni nyingine! Kabla ya mwisho wa mwaka italeta simu yenye kioo na vibonye vilevile. Wanasema itazizika zote mbili. Naona waliofanya haraka kununua Ijumaa watajuta.

Nimekutana na Kinuthia stesheni ya Granville. Nilitaka tu kumweleza habari hiyo, lakini ulimi ukatangulia. Nimemwambia tayari ninayo. Akaomba kuiona.

Nimemwambia iko kwa fundi.