Karatasi Yako, Bunduki Yetu

Alhamisi, 3 Machi 1983

Nimeposa leo. Karibu niseme nimekubaliwa. Nilikwenda kwa Mzee Dahir baada ya alasiri, koti la marehemu baba mwilini na bunduki ya marehemu baba begani. Mzee ana lori moja la Bedford na binti mmoja, Ebla. Lori hubeba vitunguu kutoka mashamba ya Rapsu. Sasa mashifta, wale majambazi wa porini, wameanza kusimamisha magari kwenye njia ile, na dereva amekataa kwenda bila mtu mwenye silaha. Mzee akaniuliza kama bunduki ina leseni. Nikamwonyesha cheti. Jina langu, mhuri wa serikali, kila kitu. Akaniuliza kama nimewahi kuitumia. Hapo nikamsimulia vile nilivyofukuza majambazi watatu kule Merti, peke yangu, bila hata kuvua koti.

Ukweli, na huu ni wa daftari tu: alikuwa fisi mmoja. Na aliyekimbia ni mimi. Bunduki niliirudia asubuhi.

Mzee alifurahi mpaka akaniongezea sukari kwenye chai. Akasema mkwe wa namna hii ndiye aliyekuwa akimtafuta. Niende na lori Rapsu siku ya Jumanne, nikirudi tutazungumza habari ya Ebla. Nikasema inshallah kwa sauti kubwa. Hiyo habari ya Jumanne sikuitegemea.

Jumamosi, 5 Machi

Nimetembea na bunduki hapa Isiolo, kutoka mtaa wa Wabera hadi hoteli ya Sahra. Nilizunguka njia ndefu ili nipite mbele ya nyumba ya Ebla. Hakuwa nje. Nikarudi, nikapita tena. Mwishowe alitoka na ndoo, akaniuliza kama nimepotea.

Hotelini nilimkuta Ahmednur, karani wa korti. Kalamu kibao mfukoni, na zote zinaandika, ndivyo alivyo. Yeye pia anamtaka Ebla, mji mzima unajua. Tofauti ni kwamba hana bunduki. Akaniuliza mbele ya watu kama nimewahi kufyatua hata risasi moja. Nikamwambia silaha si kitu cha kuchezea. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Sahra akacheka jikoni, sijui alicheka nini.

Nyumbani nikatafuta risasi. Ziko mbili. Moja imeota kutu, nyingine imetafunwa na panya. Nimeketi kitandani nikizitazama. Naogopa. Sioni sababu ya kulificha daftari jambo hilo. Naiogopa ile barabara, nawaogopa mashifta, na kidogo naiogopa bunduki yenyewe.

Jumatatu, 7 Machi

Wameichukua!

Ilikuwa karibu na soko la mifugo. Konstebo mmoja kijana, mgeni mjini, akanisimamisha na kuniuliza nabeba nini. Nikamwambia bunduki. Akasema ameona. Nikatoa cheti, nikakifungua, nikamwekea kidole kwenye jina langu. Akakisoma mbele na nyuma. Kisha akanirudishia cheti na kuchukua bunduki.

“Hii karatasi ni yako, shika. Bunduki ni yetu mpaka mkubwa aone.”

Nilikasirika sana. Huo ni wizi wenye kofia! Nimelipia leseni kila mwaka, sijawahi kumtishia mtu, hata yule fisi sikumtishia. Nikaanza kurudi mjini. Nilipofika kwenye duka la nguo, wazo likanijia. Bila bunduki, hakuna Rapsu. Bila Rapsu, hakuna mashifta. Na kosa si langu, ni la serikali.

Alhamdulillahi. Nikaongeza sauti. Nililia haki yangu kutoka sokoni hadi Wabera. Watu walitoka madukani kunisikiliza.

Jumanne, 8 Machi

Siku tamu kuliko zote maishani mwangu. Mzee Dahir alikuja mwenyewe. Salaam aleikum, akakaa kwenye mkeka wangu, macho yamemlowa. Kumbe marehemu baba yake, baada ya kupigana vita vya Mwingereza na kurudi na medali, naye alinyang’anywa bunduki akiwa na karatasi mkononi. Akanishika bega. Akasema lori lake halitatoka mpaka mkwe wake apate haki yake. Nilisikia vizuri. Alisema mkwe.

Nikamwambia, “Adeer, mzee wangu, nitavumilia.”

Mchana Ebla alileta anjera na nyama ya mbuzi. Akaniuliza kama waliniumiza. Nikashika kiuno kidogo. Jioni nilihutubia hotelini kwa Sahra juu ya haki za raia mwenye silaha halali. Chai ya bure. Andazi la bure. Mzee mmoja alisema nigombee udiwani.

Nimeamua. Bunduki hiyo isirudi kamwe.

Jumatano, 9 Machi

Ahmednur. Amekuja asubuhi mapema na kitabu cha sheria kwapani. Anasema polisi ana ruhusa ya kudai cheti, na ukishindwa kukionyesha ndipo anaweza kushika bunduki. Wewe ulikionyesha, anasema. Kwa hiyo hawana haki ya kukaa nayo hata siku moja. Anataka twende kituoni sasa hivi.

Nikamwambia goti linauma. Akasema ataniletea baiskeli. Nikamwambia sina imani na serikali. Akasema yeye anayo, ataenda mwenyewe kunitetea. Nilimsihi asijisumbue. Akasema si usumbufu, anafanya hivyo kwa ajili ya haki, na Ebla amemwomba.

Amewahi kunidhuru mtu huyu, lakini si kama leo.

Alhamisi, 10 Machi

Nimekwenda kituoni kwa siri kabla Ahmednur hajafika. Nikamwona Sajini Kanchoro, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Nikamweleza kwamba mimi sina haraka. Wakae na bunduki, waichunguze vizuri, hata mwaka. Usalama kwanza.

Sajini aliweka kalamu chini. Akasema tangu aajiriwe hajawahi kuona raia anayekuja kubembeleza polisi wakae na mali yake. Kisha akaona haya, maskini, akadhani ninawasuta. Akasema yule konstebo alikosea, amekwisha kukaripiwa, na bunduki imesafishwa na kupakwa mafuta. Nisubiri hapo hapo, anaileta.

Nikakumbuka nimeacha maziwa motoni. Nikatoka mbio.

Sajini naye akatoka mbio, bunduki mkononi, akiniita kwa jina. Mji mzima ulituona. Mimi mbele na koti langu, polisi nyuma na bunduki. Wanawake walipiga mayowe. Mtu akanivuta ndani ya duka lake na kufunga mlango. Mpaka magharibi habari ilikuwa imefika Burat kwamba serikali inataka kuniua kwa sababu ninaidai haki yangu.

Mzee Dahir ametuma kondoo mzima. Lakini ametuma pia habari kwamba vitunguu vimeanza kuoza Rapsu, na wakulima wanamtukana. Nilimhurumia. Kondoo alikuwa mnono.

Ijumaa, 11 Machi

Msiba. Baada ya sala ya Ijumaa, watu wakiwa bado wanavaa viatu, Sajini Kanchoro alikuja na bunduki juu ya mikono miwili kama mtoto mchanga. Ahmednur alikuwa ubavuni pake. Sajini akaniomba radhi mbele ya watu wote. Sikuwa na pa kukimbilia, kiatu kimoja kilikuwa hakionekani.

Watu walishangilia. Mzee Dahir alimkumbatia Ahmednur kwanza, halafu mimi. Niliona mpangilio huo na haukunipendeza. Lori linatoka Jumapili alfajiri. Ebla alisema ataniombea dua.

Jumamosi, 12 Machi

Nimekuwa nikifikiria mpaka kichwa kimepata moto, lakini mpango umepatikana. Ni mzuri ajabu.

Kwanza, naumwa. Tumbo. Nimelala tangu asubuhi na nimepiga kelele za kiasi. Mzee alikuja na Ebla na Ahmednur, akasikitika, akasema vitunguu haviwezi kungoja tena. Hapo nikajikokota, nikamkabidhi Ahmednur bunduki. Nikasema yeye aliyeitoa polisi ndiye anayestahili kwenda badala yangu. Akasita. Akasema sheria hairuhusu mtu kubeba bunduki yenye cheti cha mwingine. Nikauliza, kwa sauti ya mgonjwa lakini Ebla asikie, kama kuna sheria inayoruhusu vitunguu kuoza. Akaichukua.

Pili, walipoondoka nilivaa na kwenda kwa Sajini kupitia nyuma ya nyumba. Nikamwambia kwa siri kwamba kesho alfajiri, kwenye kizuizi cha barabarani, asimamishe Bedford ya vitunguu. Ndani yake atakuta mtu amebeba bunduki isiyo yake. Sikutaja jina, mimi si mchongezi. Sajini akanishukuru sana. Akaniandalia chai, nikanywa, tumbo lilikuwa halina neno.

Kesho Ahmednur atalala rumande na mimi nitakuwa nimelala kitandani kwangu. Ebla ataona nani ni mhalifu.

Jumapili, 13 Machi

Sahra wa hoteli ndiye aliyeleta habari. Lori limesimamishwa, mtu amekamatwa na bunduki. Nikauliza kama Ahmednur analia. Akasema Ahmednur hata hakupanda lori. Sheria ilimwasha usiku kucha, alfajiri akairudisha bunduki kwa Mzee. Mzee akasema vijana wa siku hizi hawana maana, akaiweka katikati ya magoti yake na kupanda mwenyewe.

Mtu aliyekamatwa ni Mzee Dahir.

Nilikwenda kituoni nikikimbia, kwa kweli nikikimbia, na nilikuwa nimesahau kuumwa. Nilimkuta Mzee kwenye benchi, kilemba mapajani. Baba yake, yule mwanajeshi mwenye medali, alimzaa ili aje akae kwenye benchi lile? Ebla alikuwa anammiminia chai kutoka kwenye chupa. Ahmednur alisimama na kitabu chake, akipekua, akipekua, lakini safari hii sheria haikuwa upande wetu.

Niliona aibu. Naandika hivyo hivyo. Nilitaka kusema nimekuja kumtetea adeer wangu. Nikafungua mdomo.

Sajini Kanchoro akaniona kabla sijasema. Akatoka nyuma ya meza, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na kwa ile sauti yake ndogo, ambayo leo ilisikika mpaka uani, akanishukuru mbele ya wote. Akasema Isiolo ingepata raia wachache tu wa namna hii, wanaokuja wenyewe kutoa habari, kazi ya polisi ingekuwa rahisi.

Ebla alifunga chupa ya chai. Mzee alinitazama, na katika maisha yangu sijawahi kutamani mashifta kama nilivyowatamani pale.

Kisha Sajini akaniomba cheti. Akasema, kwa masikitiko, mwenye bunduki anayemkabidhi mwingine hafai kuwa nayo. Sasa wana bunduki na karatasi. Na safari hii, Ahmednur amenithibitishia kwa furaha, wana haki.

Jumatano, 16 Machi

Mzee ameachiliwa kwa onyo, kwa heshima ya umri wake. Jana lori lilikwenda Rapsu na kurudi na nusu ya vitunguu. Aliyekaa mbele ni Ahmednur, amebeba kitabu. Hawakuona shifta hata mmoja.

Nilipeleka salamu kwa Mzee. Mlango ulifunguliwa, ukafungwa. Ebla alinena kutoka ndani. Alisema nisipite tena mbele ya nyumba yao, hata kwa njia fupi. Nasikia wazee wa upande wa Ahmednur wanaulizia ngamia wa mahari.

Inauma. Nilimpenda kweli, si kwa ajili ya lori. Nimekaa bila kula mpaka adhuhuri.

Ijumaa, 18 Machi

Mtu pekee mjini anayeitikia salamu yangu ni Sajini Kanchoro. Leo amenialika nyumbani kwake kwenye laini ya polisi kunywa chai. Ana dada, Abiba, anauza maziwa sokoni. Anacheka vizuri. Ana mwanya.

Nimetafakari makosa yangu kwa makini. Nimegundua kosa lilikuwa moja tu: nilijihusisha na watu wa vitunguu. Polisi ndio watu wangu.

Abiba akaniuliza kama ni kweli kwamba mimi ni mwoga, maana ndivyo wanavyosema sokoni. Nikacheka. Nikamwambia naijua barabara ya Rapsu kona kwa kona, usiku na mchana, na kwamba mashifta wa upande ule wananijua kwa jina na hunipisha. Akaacha kumimina chai, akanitazama kwa macho mapya.

Sajini alifurahi kuliko yeye. Akasema Mungu ndiye aliyenileta. Jumatatu polisi wanatoka doria njia hiyo hiyo, na wamekosa mtu wa kuwaongoza, wa kukaa mbele kabisa kwenye Land Rover. Bunduki hawezi kunipa, sheria ni sheria, lakini mtu kama mimi anaihitaji ya nini?

Abiba alikuwa bado ananitazama. Nikasema niko tayari hata leo.

Jumatatu iko mbali sana.