Marehemu Aliyetia Saini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Fomu ya chuo imefika. Nafasi thelathini, waombaji mia nne. Mwaka juzi walinikataa, mwaka jana walinikataa, na mwaka ujao nitakuwa nimevuka umri. Ni sasa au basi. Wanataka insha: “Tueleze wewe ni nani.” Swali gani hilo! Wangeuliza nataka kuwa nani, ningejaza daftari.

Binti wa mjomba naye anaomba. Tunaishi nyumba moja, Bibi anatulea sote, tunatumia kalamu moja (yake). Ameshamaliza insha. Nimeichungulia alipokwenda kuoga. Eti alivyoharibu kola ya shati la mteja wa Bibi, akaifumua na kuishona tena mara nne. Kola! Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya pazia. Maskini, namwonea huruma.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimefanya utafiti. Mwenye duka la fotokopi huchapa insha za waombaji wote hapa mtaani. Anasema walioingia mwaka jana walikuwa na msiba kila mmoja. Kuna aliyekuwa na miwili!

Nimetafuta wa kwangu. Baba na mama wazima, wanafanya kazi mji mwingine, wanapiga simu kila Jumapili kuuliza kama nakula. Ugonjwa: surua, nikiwa na miaka mitano. Njaa: Bibi hataki hata kulisikia neno hilo. Nimelelewa vizuri, na matokeo yake ndiyo haya.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimekwenda hospitali kutafuta uchungu. Nilikaa na daftari kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Muuguzi akaniuliza namba yangu. Nikajibu kuwa nimekuja kutazama tu. Akaniangalia juu hadi chini, akanipeleka wodini kwa mzee asiyeona vizuri, nimsomee barua ya mwanawe. Mara tatu nilimsomea! Alinishika mkono hakutaka kuuachia.

Muuguzi alisema kuwa hilo nililofanya naweza kuliandika. Nikamweleza kwa upole kuwa barua ilikuwa ya habari njema, kwa hiyo haina kazi kwangu. Watu wengine hawaelewi fasihi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimepata! Bibi atakufa.

Kwenye karatasi tu. Nimemuua aya ya pili, kwa ugonjwa wa moyo, saa kumi jioni, sindano ingali mkononi. Maneno yake ya mwisho: “Nenda chuo.” Nimelia mwenyewe, machozi ya kweli. Bibi alisikia, akaacha cherehani, akaniletea chai, akauliza ni nani aliyenikera. Nikanywa chai ya marehemu, nikaongeza aya.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kikwazo. Fomu inataka saini ya mlezi, na Bibi hatii saini asichokisoma. Aliwahi kumrudisha fundi wa umeme mlangoni kwa sababu ya nukta moja kwenye risiti.

Binti wa mjomba alimsomea insha yake yote kwa sauti. Bibi akasahihisha: kola ilifumuliwa mara tano, si nne. Wakacheka weee. Mimi nikasogea na karatasi yangu, imekunjwa, mstari wa saini tu ndio unaoonekana. Bibi akavua miwani, akasema, “Mume wangu hawezi kuniuza,” akatia saini bila kusoma. Mume wangu ndiyo jina langu kwake tangu nizaliwe. Kazi imekwisha. Nimeipeleka mwenyewe chuoni.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Chuo kimeniita, nifike na mlezi aliyetia saini; binti wa mjomba naye kaitwa. Nilijua: wanataka kutoa pole! Nikamwambia Bibi asiseme chochote, hata akisalimiwa aitikie kwa kichwa tu. Alivaa gauni lake la harusi za watu.

Msajili, mama mmoja mtaratibu, alianza na binti wa mjomba. Amekubaliwa. Eti baada ya ile kola anahisi amekaa naye siku nzima. Kisha akanisomea insha yangu, neno kwa neno, Bibi akiwa pale. Halafu akauliza: huyu marehemu wa aya ya pili na huyu aliyetia saini chini, mbona jina ni moja?

Bibi alitazama viatu vyake. Kisha akasema, polepole:

“Kumbe umeshakuwa mgane, mume wangu, na hata hukuniambia.”

Hakuna aliyecheka. Msajili alitaka kuichana fomu. Bibi ndiye aliyeniombea. Nimepewa hadi Jumatatu niandike upya, ya kweli, isainiwe tena. Njiani alitangulia hatua kumi mbele. Aliponiita tuvuke barabara aliniita “wewe.” Niliona aibu. Nasema kweli, iliniuma.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Bibi alikuja kuketi kitandani kwangu asubuhi. Akasema:

“Andika kwamba uliniua, na mimi nikaja kukuombea. Hiyo ni kweli, na ni yako peke yako.”

Nikaahidi. Mchana akataka nimsomee kabla ya kutia saini. Karatasi ilikuwa tupu! Nikaishika juu, isionekane kuwa tupu, nikasoma yaliyonijia kinywani. Kwamba nilimuua kwa sababu kila nilipotafuta jambo la kusimulia nilimkuta yeye. Kwamba alipoacha kuniita mume wangu, ndipo nilipojua nimefiwa. Sauti ilinikatika, sijui kwa nini. Bibi alivua miwani, akafuta macho, akaniita mume wangu, na kabla hajaivaa tena akatia saini mwishoni mwa karatasi tupu. Akasema safari hii nitaingia.

Bahati nzuri sikuyaandika. Maneno ya kawaida mno, mtu yeyote angeweza kuyasema. Juu ya saini yake nimeandika insha yenyewe, ukurasa mzima: jinsi Bibi alivyozimia dakika kumi, daktari akamfunika shuka, na machozi yangu yakamfufua. Nimeongeza na radi. Kesho saa mbili naipeleka.