Kuhusu Vitabu Sita vya Vacances Ulivyomuchagulia Mujukuu Wangu

Kisangani, commune ya Tshopo
Tarehe 29 mwezi wa nane

Kwa Papa Célestin, mutunza vitabu wa maktaba ya mutaa wetu

Papa Célestin,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo, na hiyo kidogo ni kwa ajili ya mama yako Odile, ambaye tuliuza naye mikate sokoni miaka kumi na moja bila kugombana. Naandika kwa mukono wangu. Nilifika darasa la tatu tu, lakini la tatu la wakati ule, si hili la sasa ambalo mutoto anatoka hajui hata kukunja barua.

Jambo ni hili. Mwisho wa mwezi wa sita mujukuu wangu Benie, mutoto wa miaka kumi na mitatu, alikuja kwako kuazima kitabu cha kusoma wakati wa vacances, shule ikiwa imefungwa. Ungemupa kimoja, angesema asante, tungekwenda zetu Banalia kwa dada yangu Lucie kung'oa muhogo. Hapana. Ulimukalisha kwenye kiti ukamufundisha kwamba vacances ni kama sahani, mutu hajazi chakula cha aina moja. Eti achukue kimoja cha safari, kimoja cha upelelezi, kimoja cha mapenzi, kimoja cha kuchekesha na kimoja cha mashairi. Na eti cha sita asikitafute kwako, akitafute nyumbani: kiwe kitabu ambacho hakuna mutu wa nyumba ile amewahi kukisoma. Ulimuandikia yote kwenye karatasi. Karatasi ninayo, nimeificha, usije ukakana.

Bon. Sasa nisikilize, nitakwenda kwa namba ili usipotee.

1. Uzito. Kutoka hapa mpaka Banalia ni siku nzima kwenye pikipiki, na mufuko wa vitabu vyako ulikaa mahali ambapo kila mwaka inakaa sufuria yangu kubwa. Mwenye pikipiki akaniuliza kama nimebeba mawe. Nikamujibu nimebeba vacances. Tulifika, tukapika pondu, majani ya muhogo, ya watu tisa kwenye kisufuria cha chai, mara tatu. Hiyo ni dhambi yako ya kwanza, na ni ndogo, nimeitaja kwa ajili ya utaratibu.

2. Kitabu cha safari. Mutoto alisoma kwamba kuna nchi ambako mvua inaanguka nyeupe, inakaa chini kama unga, na watu wanatoka na majembe kuiondoa mulangoni. Dada yangu Lucie iko na miaka sabini. Hajawahi kuacha kazi hata alipofiwa. Siku hiyo aliketi juu ya kikapu akauliza: unga huo wanautia wapi? Na kama ni maji, kwa nini majembe? Siku mbili muhogo ulibaki ardhini. Mimi niling'oa peke yangu, nikiwasikia nyuma yangu wakizungumzia baridi, wakati jua linatupasua vichwa.

3. Kitabu cha upelelezi. Samaki wa kukaushwa wa Lucie alipotea jikoni. Kwa kawaida jambo kama hilo tunalimaliza vizuri: tunapiga kelele, tunamusingizia mukwe, mukwe analia, tunamuomba msamaha, tunakula. Safari hii Benie akasema hakuna kumusingizia mutu. Akatuuliza mumoja mumoja alikuwa wapi. Akapima nyayo kwa kijiti. Akanusa mikono yetu, Papa Célestin, mikono ya watu wazima. Matokeo ya uchunguzi wake sitayaandika hapa, kwa sababu hayahusu maktaba. Nasema tu kwamba mutu mwenye umri wangu anaweza kusikia njaa, na hana lazima ya kujieleza mbele ya kijiti.

4. Kitabu cha mapenzi. Hiki Benie hakukimaliza, binti yangu wa mwisho Solange alimunyang'anya. Solange iko na muchumba, Gédéon, mutu wa mbao, kijana wa mikono mikubwa na maneno machache, yaani mume kamili. Solange alikuwa ameapa kumupa jibu la ndoa kabla ya vacances kwisha. Gédéon akasafiri mpaka Banalia kumuona. Solange akamuambia: niambie kitu. Maskini akafikiri sana, akamuambia mbao za mwaka huu zina unyevu. Solange akarudi kwenye kitabu. Nimesikia sasa Gédéon anaonekana kwako kila Jumanne, kwenye rafu ya mapenzi. Muache. Yule kijana alikuwa muzima.

Cha kuchekesha sina la kusema, nilisomewa, sikucheka. Cha mashairi mutoto alikisoma akanyamaza tangu asubuhi mpaka magaribi, nikamupa dawa ya minyoo.

5. Sasa kaa chini, kwa sababu hili ndilo lililonileta. Tuliporudi nyumbani, Benie alikuwa amemaliza vya kwako, isipokuwa kile alichonyang'anywa na Solange. Akachukua karatasi yako, akaanza kutafuta cha sita.

Nyumbani kwangu kuna kitabu kimoja. Ni cha marehemu mume wangu Hubert, aliyefanya kazi Bangboka, kwenye uwanja wa ndege, miaka ishirini na sita. Alipostaafu alikuja nacho chini ya kwapa, cha bluu, kigumu, cha kifaransa. Akaniambia: mama, hiki ndicho kitabu kilichotulisha. Mimi nikaelewa nilivyoelewa. Alipofariki nikakifunga ndani ya kikwembe, kitambaa changu cha kujifunga, nikakiweka juu ya kabati. Tangu hapo, miaka kumi na minne, mutu akileta maneno mawili katika familia hii, nakishusha. Anaweka mukono juu ya kikwembe, anaapa, kesi inakwisha. Juu ya kitabu hicho mwanangu Doudou aliapa kuacha lotoko, ile pombe yao kali, na aliacha. Jirani Pélagie aliapa kutosogeza tena ua wake upande wangu, na ua ukasimama. Solange aliapia hapohapo lile jibu la Gédéon. Hakuna aliyekifungua. Mimi mwenyewe nilichungulia mara moja tu, nikaona picha ya gurudumu, nikafikiri ni la mbinguni, nikafunga haraka.

Benie alikifungua. Jumapili, baada ya misa, uani, Pélagie iko pale na Doudou iko pale. Akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, kisha akatugeuzia kwa Kiswahili ili hata mimi nisikose. Ni kitabu cha mashine ya kukata majani, Papa Célestin. Ile kubwa ya kuketi juu, iliyokuwa inakata majani pembeni ya njia ya ndege. Sura ya kwanza, kupima mafuta. Sura ya pili, kunoa visu.

Pélagie akakohoa. Nilimujua Pélagie kwa kikohozi kile: alikuwa anapima ua kwa macho.

6. Matunda yake. Jumatatu Pélagie aling'oa miti miwili ya ua akaisogeza hatua moja, akaniambia kwa upole kwamba yeye hakumbuki kuahidi kitu kwa mashine. Jumanne Solange akasema jibu lake halina tarehe tena. Na jana, hili linaniuma kuliko yote, Doudou amerudi nyumbani akinuka lotoko, baada ya miaka sita. Nilipomuuliza alicheka, akasema: mama, niliapa juu ya mafuta ya injini. Mimi sikucheka. Mutoto wangu alikuwa amepona. Kilichomuponya kilikuwa hakijasomwa, na wewe ndiye uliyesema kisomwe.

Donc ninaomba mambo matatu, na si mengi kwa hasara niliyoipata.

Kwanza, uandike karatasi yenye muhuri wa maktaba, useme kwamba umekichunguza kitabu cha marehemu Hubert, na kwamba ni kitabu kizito, maneno ya mashine ndani yake ni mafumbo, na mutoto wa miaka kumi na mitatu hawezi kuyafikia. Usiogope uongo. Wewe ni mutu wa vitabu, umezoea.

Pili, kuanzia mwaka ujao watoto wote wa Tshopo wapewe kitabu kimoja tu cha vacances, kilekile kwa wote, kinene, cha kilimo, bila picha. Atakayekimaliza akianze upya. Mutu anayesoma kitabu kimoja anafunga mulango nyuma yake. Anayesoma sita anaanza kufungua vikwembe vya watu.

Tatu, kama kuna njia, umusaidie Benie asahau zile kurasa alizotusomea. Naambiwa mambo ya shule yanasahaulika haraka, sijui kwa nini hili limekaa.

Musalimie mama yako Odile, umuambie mguu wangu unaendelea vizuri na wa kwake ninauombea. Musalimie mke wako na wale mapacha, na yule dada anayepangusa rafu, ambaye angalau yeye anavigusa vitabu bila kuvifungua. Wasalimie wasomaji wako wote, isipokuwa Gédéon, yeye umuambie arudi kwenye mbao.

Ni mimi, Koko Agathe, mujane wa Hubert, nyumba ya mulango wa kijani, kabla ya daraja.

N.B. Mvua imenizuia kuileta barua hii siku nne, na imebidi niongeze. Nilimuambia Benie anisomee kitabu chote, nipate mahali pa kukitetea. Tumefika ukurasa wa hamsini na mbili. Kuna mahali kimeandika: mashine ikitoa moshi mweusi, usiilazimishe, zima, ngojea ipoe, ndipo utafute kosa. Doudou alikuwa amelala kwenye mukeka na kichwa chake kibaya. Akainuka, akaomba asomewe tena. Akaomba tena mara ya tatu. Asubuhi alikuja bila kuitwa, akasema nifungue ukurasa ule, akaweka mukono juu ya maandishi yenyewe, bila kikwembe, akaapa. Sijawahi kumuona akiapa hivyo. Kisha Pélagie naye akaja kuuliza kama kuna ukurasa unaosema kuhusu ua. Tumemutafutia: kuna nafasi ya kuacha kati ya kisu na jiwe. Amerudisha mti mumoja, wa pili anaufikiria.

Muhuri usilete. Hapa hakuna tena anayetaka kuapa juu ya kitambaa, wanauliza ukurasa gani.

Kwa vacances za Noël nitakuja mwenyewe, uniandikie kadi kwa jina langu. Unichanganyie: kimoja cha jenereta, kimoja cha pampu ya maji, kimoja cha mvua nyeupe kwa Lucie, sehemu ya pili ya yale mapenzi, maana Solange anasema ipo, na kimoja cha mashairi, nione kama ilikuwa minyoo. Cha sita usijisumbue. Pélagie iko na kimoja ndani ya sanduku, cha marehemu baba yake, anasema hakifunguliwi. Jumapili tutakifungua.