Mfuko wa Bunga na Shukrani ya Mapema

Jumatano, 17 Septemba 2025

Habari mbaya! Shefu wa wafanyakazi, Tata Ntambwe, ametuita ghalani. Kampuni kubwa ya mgodi imepunguza kazi inayotupa. Mwisho wa mwezi, ghala letu la buti na kofia litabakiza mtu mmoja tu. Ni mi au Kankolongo. Kankolongo! Mtu anayewasalimu hata wafagiaji kwa majina yao na ya watoto wao. Hila tupu.

Huguette, mke wangu, amesema tuombe na tungoje. Kungoja! Mi Kabemba sijui kungoja. Wengine huomba, wakipata ndipo wanashukuru. Kwa nini nipange foleni nyuma yao? Mi nitashukuru kwanza. Jumapili, mbele ya kanisa zima, nitatoa shukrani kwa kazi niliyopewa. Mungu hataniangusha mbele ya watu. Na Tata Ntambwe, anayekaa benchi ya pili, atathubutu kumfanya Mungu mwongo?

Akili hii sijui naitoa wapi.

Jumamosi, 20 Septemba

Shukrani haiendi mikono mitupu: familia huingia kanisani ikicheza, zawadi kichwani. Jirani aliyepona mwaka jana alipeleka mbuzi. Mi nina mfuko mmoja wa bunga, unga wa mahindi, ndio huo tu uliobaki nyumbani. Huguette amewaka: ile bunga ni ya batoto, haiko ya kuchezea dansi! Nimemwambia ana imani haba. Akajibu kwamba imani anayo, bunga ndiyo haba.

Nimefunga mdomo wa mfuko kwa waya mwekundu wa umeme, fundo zuri kabisa. Vitenge vya kufanana vipo, tulivishona kwa arusi ya shemeji kule Kasaji. Mi sirudi nyuma.

Jumapili, 21 Septemba

Ushindi! Tumeingia tukicheza. Mi na mfuko kichwani, Huguette nyuma na uso wa msiba, binti yetu Shekina akipunga leso. Kwaya ikawaka. Kankolongo anaimba humo, sauti nzito ya chini. Aliniimbia kwa nguvu zote. Maskini, hakujua anaimbia kufukuzwa kwake!

Kwenye maikro nilishuhudia kwamba nimepata kazi, mkataba umekwisha kutiwa sahihi. Wapi? Sikusema. Na nani? Sikusema. Imani haisemi "labda". Vigelegele! Tata Ntambwe alikuja kunishika mikono miwili, macho yamelowa, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikajua huyu nimekwisha kumpata.

Jumatano, 24 Septemba

Kankolongo anabaki. Mi natoka.

Nilikimbia ofisini bila hata kuvua kofia. Tata Ntambwe alifurahi kuniona! Akasema siku zote hizo hakulala, akijiuliza amtoe nani kati ya baba wawili wa familia, hadi Mungu akamjibu kwa ushuhuda wangu. Kama Tata Kabemba amepata kazi kwingine, basi, mambo yamekwisha. Akataka kujua ni wapi.

Hapo mtu mwingine angesema kweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini nimwaibishe Mungu ofisini kwa watu? Mdomo ukasema: Kisenge, kwenye mgodi wa manganese. Ee, mdomo huu!

Kankolongo amenikumbatia, amelia. Ataniombea njia nzima mpaka Kisenge. Nilimwambia aksanti. Iliniuma mpaka kwenye meno.

Ijumaa, 26 Septemba

Tangu Jumatatu tunakula viazi vitamu. Shekina anauliza bukari, ugali wetu, imeenda wapi. Huguette ananionyesha kwa kijiko. Nikitoka kazini napita nyuma ya nyumba nisionekane, maana mtaa mzima unaniuliza naondoka lini kwenda Kisenge.

Nimeogopa. Hapa naandika kweli: nimeogopa sana. Jumanne kazi inakwisha, na sijui watoto watakula nini. Nilipiga magoti nyuma ya choo, nikakosa maneno yangu yote mazuri. Nikasema tu: Mungu wa yulu mbinguni, bunga.

Jumamosi, 27 Septemba

Hodi mlangoni. Mashemasi wa kanisa, na msaada wa wenye shida. Kumbe Huguette alimwambia Mama Mianda, mke wa Kankolongo, kila kitu! Na aliyebeba mzigo begani nani? Kankolongo mwenyewe, jasho linamtiririka. Akautua. Mfuko wa bunga. Waya mwekundu. Fundo langu!

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini hakucheka. Alikuwa amekwenda kwa Tata Ntambwe: kazi tugawane, yeye mwanzo wa juma, mi mwisho wa juma, na mshahara nusu kwa nusu, mpaka hali itengemae. Shefu amekubali. Nilimuuliza kwa nini. Akashangaa: sasa batoto bangu bakule, na ba kwako baangalie tu?

Jioni, bukari na sombe ya majani ya muhogo. Shekina ameomba: aksanti Mungu juu ya bunga, aksanti juu ya Tata Kankolongo. Nililia ndani ya sahani. Huguette akanisogezea tonge la pili.

Jumapili, 28 Septemba

Kanisani nilikaa nikiwaza. Hebu tazama! Nilishukuru kwa kazi, na kazi nimepata. Nusu, sawa, labda nilicheza kwa unyonge. Bunga nayo imerudi yenyewe. Kwa hiyo dawa inafanya kazi! Kosa langu lilikuwa moja tu: nilitaja jambo dogo.

Tata Ntambwe anakaribia pensheni. Kiti chake kizuri, kina magurudumu. Jumapili ijayo nitamshukuru Mungu kwa kiti hicho, kwa maikro, mwenyewe akiwa palepale benchi ya pili.

Huguette amenusa kitu. Bunga yote iliyobaki ameipeleka ifichwe kwa Mama Mianda. Si kitu! Nimekwenda moja kwa moja kwa Kankolongo, nimemwomba Jumapili anitolee ule mfuko na anisaidie kuubeba. Mtu mwema yule, hata hakuuliza ni wa nini.

Waya mwekundu nimeutunza.